Baiskeli ya Kupanda Mlima wa Chuo: Hesabu Meno, Beba Sumaku

Mwaka jana mdogo wangu, binti wa baba mdogo, alipata nafasi ya kusoma kwenye chuo kimoja hapa Mbinga mjini. Kwao ni Mbamba Bay, kule ziwani. Chuo kiko juu ya kilima, chumba alichopata kwa bei ya kueleweka kiko bondeni, na katikati kuna kilomita nne hivi. Tukapiga hesabu ya bodaboda kwenda na kurudi siku tano kwa wiki, ikatoka hela inayokaribia kodi ya chumba chenyewe. Kutembea inawezekana, watu wanatembea kila siku, lakini vipindi vinaanza mapema na mvua ya jioni ya hapa haina mchezo. Ikabaki baiskeli.

Baba mdogo akamaliza mjadala kwa simu moja: "Sasa mnahangaika nini? Nampa Phoenix yangu."

Na hapo ndipo mimi, mtu wa fizikia, nilipojiingiza kwenye matatizo ya kifamilia. Ile Phoenix naifahamu. Imebeba usipa na mbasa kwa miaka mingi, imepeleka wagonjwa hospitali, imelipa ada za watoto watatu. Kumwambia mzee baiskeli yake haifai ni karibu sawa na kumwambia yeye mwenyewe hafai. Lakini ukweli ni kwamba baiskeli nzuri ya Mbamba Bay si lazima iwe nzuri ya Mbinga, na sababu yake inaelezeka kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anaziweza. Leo tuzifanye pamoja. Usikimbie, hakuna kitu zaidi ya kuzidisha na kugawanya.

Kilima chako kina asilimia ngapi?

Ukimuuliza mtu kilima cha kwao kikoje atakwambia "mkali" au "mkali balaa". Kwa kununua baiskeli hiyo haitoshi. Tunahitaji asilimia: ukisogea mita 100 mbele kwa usawa, umepanda mita ngapi? Ukipanda 8, mteremko ni asilimia 8.

Halafu jihadhari na wastani, wastani unadanganya. Mbinga mjini kuko takribani mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na maji ya Ziwa Nyasa yako kwenye mita 475 hivi. Barabara kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, siku hizi ni lami. Gawanya tofauti ya kimo kwa urefu wa barabara, unapata asilimia 1 na robo. Sasa mwambie mtu aliyewahi kupandisha njia ile na baiskeli kwamba mteremko wake ni asilimia moja na robo. Atakuangalia usoni kuona kama unamtania. Barabara inashuka, inapanda, inazunguka, inashuka tena. Miguu haipandi wastani, miguu inapanda kipande kilicho mbele yake.

Kwa hiyo pima kile kipande kibaya kuliko vyote. Sisi tulichukua ubao ulionyooka wa urefu wa mita moja, chupa ya maji ya plastiki iliyojazwa nusu, na rula. Unalaza ubao barabarani kufuata mteremko, unalaza chupa juu ya ubao, kisha unainua ncha ya chini ya ubao mpaka maji ndani ya chupa yakae sawa mwanzo hadi mwisho. Pima nafasi kati ya ncha uliyoinua na ardhi. Sentimita 8 ni asilimia 8, basi. Tulifanya hivyo sehemu kama sita kwenye nusu kilomita ya mwisho kabla ya geti la chuo. Sehemu nyingi zilitoa 8, na kwenye kona moja tukapata 13. Kuna mama alipita na kuni kichwani akatuuliza tunapima kiwanja cha nani. Kwa watu wa hapa Umatengo, ambao tangu enzi za mababu wanalima ngolo kwenye miteremko mikali kuliko ule, vijana wawili wanaopima barabara kwa chupa ya maji lazima wawe na lao jambo.

Kwa nini Phoenix inakushusha

Tuchukue mwendeshaji wa kilo 60, baiskeli ya kilo 22 (Phoenix na jamaa zake wa chuma ziko humo humo), na begi la kilo 5. Jumla kilo 87. Kwenye mteremko wa asilimia 8, uzito huo unavutwa kurudi nyuma kwa nguvu ya newtoni 68 hivi. Ongeza kama 7 za tairi kusuguana na barabara, unapata 75. Upepo tuuache, kwa mwendo wa kupanda mlima haufiki popote.

Newtoni 75 ni kama kubeba ndoo ya maji ya lita saba na nusu. Mbona si nyingi? Tatizo ni kwamba huivuti ndoo hiyo kwa mkono, unaivuta kupitia pedeli, mnyororo na gurudumu, na hapo gia ndiyo inayoamua ndoo iwe na uzito gani mguuni kwako.

Nilimwomba mdogo wangu ahesabu meno ya Phoenix ya nyumbani. Mbele 44, nyuma 18. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2.44. Gurudumu lile kubwa la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda mita 2.2. Kwa hiyo kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita 5.4. Kwenye tambarare ya ziwani hilo ni raha tupu: unakanyaga taratibu, baiskeli inateleza, usipa wanafika sokoni. Ndivyo ilivyoundwa.

Mlimani habari inageuka. Kusogea mita 5.4 dhidi ya newtoni 75 ni kazi ya juli 405 kwa kila mzunguko mmoja. Mguu wako unazunguka kwenye duara la takribani mita 1.07, kwa sababu mkono wa pedeli una urefu wa sentimita 17 hivi. Gawanya 405 kwa 1.07, unapata newtoni 379 kwa wastani. Na wastani tumeshasema unadanganya: pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa mguu haufanyi chochote cha maana, kwa hiyo pale pedeli inapokuwa imelala mbele lazima usukume kama mara moja na nusu ya wastani. Inakaribia newtoni 600.

Newtoni 600 ni kilo 60. Ni uzito wako wote.

Kwa maneno mengine, kwenye mteremko wa asilimia 8 Phoenix inakudai usimame juu ya mguu mmoja na mwili mzima, kisha mwingine, kisha mwingine, kila hatua, mpaka juu. Mteremko ukizidi hapo hata kusimama hakutoshi, unaanza kuvuta usukani kwa mikono ili kujisukuma chini zaidi. Ndiyo maana ukikaa kando ya barabara yoyote ya milima ya huku utaona watu wanashuka kwenye baiskeli karibu sehemu ileile. Wengine husema "huyu hana mazoezi". Hapana. Hesabu imemfikia.

Basi gia ngapi zinatosha?

Hapa wauzaji wanakuchanganya kwa namba. Gia 18! Gia 21! Idadi ya gia ni kama idadi ya vitabu kwenye kabati, haisemi kama kile unachokitaka kimo. Unachotakiwa kujua ni gia nyepesi kuliko zote ina meno mangapi mbele na mangapi nyuma.

Tutafute jibu kwa kuanzia mwilini. Mtu mzima mwenye afya, asiye mwanamichezo, anaweza kutoa wati 100 hivi kwa muda mrefu bila kuhema kupita kiasi. Wati 100 gawanya kwa newtoni 75, unapata mita 1.33 kwa sekunde, yaani kilomita 4.8 kwa saa. Huo ndio mwendo wako wa haki kwenye asilimia 8, uwe na baiskeli gani. Ni mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, na baiskeli bado inasimama wima bila kuyumba sana.

Sasa, kwa mwendo huo unasogea mita 80 kwa dakika. Miguu inapenda kuzunguka angalau mara 40 kwa dakika, chini ya hapo inaanza kuwa kazi ya kunyanyua vyuma. Gawanya 80 kwa 40: mzunguko mmoja wa pedeli unapaswa kukusogeza mita 2, si 5.4. Na gurudumu la inchi 26, lile la baiskeli nyingi za milimani, likizunguka mara moja linakwenda mita 2 na kidogo.

Umeona tulipofika? Gurudumu lizunguke mara moja kwa kila mzunguko mmoja wa pedeli. Yaani meno ya nyuma yawe sawa na ya mbele, au yazidi. Hiyo ndiyo kanuni niliyokwenda nayo sokoni: kwenye gia nyepesi kuliko zote, meno ya mbele yasizidi meno ya nyuma. Baiskeli yenye 28 mbele na 28 nyuma inatosha kwa mlima wa asilimia 8. Mguu uliokuwa unadaiwa kilo 60 sasa unadaiwa kama 23.

Linganisha na uzito wa baiskeli, ambao watu hupenda kuunyanyua dukani kwa mkono mmoja na kutikisa kichwa. Ukitoka kilo 22 ukaenda kilo 16 umepunguza kilo 6 kati ya 87. Ni asilimia 7. Gia imepunguza zaidi ya asilimia 60. Nyepesi ni nzuri, sikatai, lakini kama hela ni moja, iende kwenye meno.

Na ile kona ya asilimia 13? Fanya hesabu hiyohiyo utaona kwa wati 100 unakwenda kilomita 3 kwa saa, na hapo baiskeli inaanza kuyumba kama mlevi. Shuka usukume. Hata mwenye baiskeli ya mamilioni atashuka ikiwa miguu yake ni ya kawaida.

Ubishi huu, kwa taarifa, si wa Mbinga peke yake. Henri Desgrange, mwanzilishi wa mashindano ya Tour de France, aliwakatalia wapanda baiskeli gia za kubadilisha kwa mnyororo mpaka mwaka 1937, wakati huo yeye ameshaondoka kwenye uongozi. Kabla ya hapo walipofika chini ya mlima walishuka, wakafungua gurudumu la nyuma, wakaligeuza ili watumie jino la upande wa pili, wakafunga, ndipo wakapanda. Na mashindano yale yanapita milima ya Alpi na Pirenei. Kwa hiyo baba mdogo ana wenzake.

Kushuka ndiko kunakoua

Mpaka hapa nimezungumzia jasho. Jasho halijavunja mtu mkono. Mimi mkono wangu wa kushoto ulivunjika Dar es Salaam, mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nikishuka kutoka Mlimani siku ya mvua ya Aprili na baiskeli niliyoinunua kwa bumu. Ilikuwa nzuri ajabu: nyekundu, gia 18, springi mbele na nyuma. Nilishika breki zote mbili, nikasikia raba zinapiga kelele, na baiskeli ikaendelea tu kama sijaigusa. Mtaro ndio ulionisimamisha.

Siku zile nilidhani breki zilikuwa mbovu. Hazikuwa mbovu. Rimu zilikuwa za chuma kilichopakwa kromu, na zilikuwa zimelowa.

Rimu ya chuma ya kung'aa ikiwa kavu inashika vizuri tu. Ikilowa, maji yanakaa kati ya raba na ule uso laini, na nguvu ya kushika inaporomoka. Rimu ya alumini ikilowa nayo inapungua, ila si kwa kiasi hicho. Sasa ona kinachotokea ukichanganya breki iliyopungua na mteremko.

Tuseme unakwenda kilomita 30 kwa saa, ambazo kwenye asilimia 8 unazifikia bila kukanyaga hata mara moja (ukiiachia kabisa, baiskeli itakaribia 50). Kukiwa kukavu, breki nzuri inaweza kupunguza mwendo wako kwa mita 4 kwa sekunde, kila sekunde. Kwenye tambarare unasimama ndani ya mita 9. Kwenye mteremko uzito unakusukuma, kwa hiyo unasimama ndani ya 11. Tofauti ni mita 2, huwezi hata kuigundua.

Mvua imenyesha, breki imebaki na uwezo wa mita 1 tu kwa sekunde. Kwenye tambarare utasimama baada ya mita 35. Inatisha, ila unapona. Kwenye mteremko wa asilimia 8, dunia peke yake inakuongezea mwendo kwa karibu 0.8 kila sekunde. Breki yako ya mita 1 inabakiwa na 0.2 na kidogo ya kukusimamisha. Umbali unakuwa mita 160. Uwanja wa mpira na nusu. Na pale chini ya kilima cha chuo kuna njia panda ya bodaboda.

Ndiyo maana siku ya kwenda sokoni nilibeba sumaku. Niliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma kinashikwa na sumaku, alumini haishikwi, kwa hiyo huhitaji kumuuliza muuzaji wala kuamini kibandiko. Unaigusisha kwenye rimu. Ikinasa, rimu ni ya chuma, na kama baiskeli hiyo inategemea rimu kwa breki zake zote mbili, sogea kwenye inayofuata. Muuzaji mmoja alinitazama nikizunguka na sumaku yangu baiskeli hadi baiskeli akasema, "Huyu kaka anatafuta madini?" Kati ya baiskeli kumi na moja tulizojaribu siku hiyo, saba zilinasa, na kadhaa kati ya hizo saba ndizo zilikuwa zinang'aa kuliko zote.

Breki za diski zinaukwepa ugomvi huu kwa sababu diski iko katikati ya gurudumu, mbali na matope na maji ya barabarani. Kama fundi wa karibu yako ana pedi zake, chukua. Kama hana, utatembea na baiskeli nzuri isiyo na breki kuanzia mwezi wa nne. Zile breki za kukanyaga pedeli kinyumenyume nazo hazijali mvua, maana zimefichwa ndani ya habu, lakini hazipendi mteremko mrefu. Huko California miaka ya 1970, vijana akina Gary Fisher na Charlie Kelly walikuwa wanashuka mlima na baiskeli nzito za zamani zenye breki hizo. Grisi ndani ya habu ilikuwa inaungua mpaka inatoa moshi, na wakifika chini lazima wafungue wapake upya. Mashindano yao, yaliyoanza 1976, waliyaita Repack kwa sababu hiyohiyo, maana yake kupakia tena. Ni kutoka kwenye vurugu zile ndipo baiskeli ya milimani tunayoijua leo ilizaliwa.

Joto lile si la mchezo. Kilo 87 zikishuka asilimia 8 kwa kilomita 20 kwa saa, breki inapaswa kumeza wati 340 muda wote, kama theluthi ya pasi ya umeme. Ukiwa na breki mbili, zitumie zote, na ya mbele ndiyo yenye kazi kubwa, usiiogope. Tumia kwa upole na ukae nyuma kwenye siti. Siku ya mvua anza kushika kidogo kabla hujahitaji, ili raba zifute maji kwanza. Na usiiache baiskeli ishike kasi ndipo ukumbuke breki. Hesabu ya hapo juu ni ya kilomita 30 kwa saa. Kwa kilomita 15 umbali wote unagawanywa kwa nne.

Mengine, kwa haraka

Springi za bei rahisi achana nazo, hasa ya nyuma. Kila ukikanyaga pedeli sehemu ya nguvu inakwenda kubonyeza springi badala ya kusukuma gurudumu, na zinaongeza uzito bure. Za mbele utazivumilia.

Kabla ya kununua, mpitie fundi, si baada ya kununua. Muulize ana friwili za aina gani, minyororo ipi, spoki za saizi gani. Baiskeli za mtumba kutoka nje wakati mwingine zinakuja na gia za kisasa sana, nyembamba, meno mengi, na unakuta kipuri chake kinapatikana Dar tu, labda. Friwili ya kawaida ya gia sita au saba ni rafiki wa mtu wa mkoani.

Gia ubadilishe kabla ya kuingia mlimani, wakati mnyororo bado haujabanwa. Ukingoja mpaka umekwama katikati, mnyororo utalia, utaruka meno, na siku moja utakatika. Hili mdogo wangu alilijifunza kwa kusikia sauti.

Kwa anayevaa sketi au gauni kwenda darasani, fremu iliyoshuka katikati na kifuniko cha mnyororo si urembo. Madigadi nayo usiyakubali yakiwa yameng'olewa, udongo mwekundu wa Mbinga hautoki kwenye shati jeupe kwa sabuni moja. Tena beba shati la pili kwenye begi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hakuna upepo wa kukupooza, utafika juu umelowa hata asubuhi ya Juni yenye ukungu na baridi.

Na kama hela ya baiskeli nyingine haipo kabisa, unayo hiyohiyo ya gia moja? Badili jino la nyuma. Ukitoa friwili ya meno 18 ukaweka ya 22, unaongeza pingili chache za mnyororo na mguu unapata nafuu ya asilimia 18: kutoka kilo 60 kwenda 49. Kwenye tambarare utakanyaga haraka kidogo zaidi. Haitakupandisha kona ya asilimia 13, lakini ile sehemu unayoshukia sasa hivi itasogea juu.

Mwisho wa siku ile tulinunua ya mtumba, rangi ya kijani iliyofifia, mbele ndogo 28, nyuma kubwa 28, rimu zote za alumini, raba za breki tukabadilisha palepale. Springi haina. Mdogo wangu hakuipenda sura yake. Anapanda nayo asilimia 8 akiwa amekaa, anashuka kwenye kona, anasukuma hatua hamsini, anapanda tena.

Kwa baba mdogo nilikwenda mwenyewe, Mbamba Bay, sikutaka kuyasema hayo kwenye simu. Nilimpa shikamoo, nikala mbasa, nikachora duara la pedeli mchangani, nikaeleza kilo 60 zinatoka wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Kwa hiyo huku chini iko sawa?" Nikamwambia huku chini hakuna ya kuishinda. Akaenda kuifuta vumbi.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Alikuwa ameamua kuanza kupeleka usipa vijiji vya huku juu kidogo, kwa sababu bei ni nzuri. "Nimehesabu mwenyewe," akasema. "Kweli ni kumi na nane. Hilo la ishirini na mbili linapatikana wapi?" Fundi wa hapa mjini alikuwa nalo moja, tukalituma kwa basi la asubuhi pamoja na pingili nne za mnyororo.